Dizeli ya Dada

"Baba, kwa nini shangazi huchuja dizeli kwa kitambaa wakati mashine ina chujio lake?"

Binti yangu aliniuliza hivyo Jumamosi. Alikuwa amenishikia tochi, mimi nimelala ubavu kando ya jenereta nabadilisha chujio la kwanza, lile lenye bakuli la kioo. Nikamwambia shangazi yako ni mwangalifu. Ni kweli, Dada ni mwangalifu. Lakini hilo silo alilouliza mtoto, na nimeshinda nalo moyoni tangu siku ile.

Jambo lenyewe lilianza miaka iliyopita. Ulikuwa usiku wa nne wa mawingu. Sola haikuwa imeingiza kitu cha maana, betri zimeshuka, na Mama alikuwa chumbani na mashine yake ya oksijeni. Mashine ile ilikuwa inakula wati 350 usiku kucha bila kupumzika. Dada alishazima friji, pampu ya maji na taa zote isipokuwa ya Mama. Mtungi wa oksijeni wa akiba ulikuwepo, ule mdogo, wa kutuvusha saa mbili tukiubana sana. Kilichobaki ni jenereta.

Iliwaka mara moja. Baada ya dakika nne hivi mlio ukaanza kuyumba. Sindano ya hezi, yaani mapigo ya umeme kwa sekunde, ambayo injini ikizunguka mara 1,500 kwa dakika inatakiwa itulie kwenye 50, ikateremka hadi 46, ikapanda, ikateremka tena hadi 43. Nilitazama dirisha la Mama ng'ambo ya ua na taa yake ilikuwa inafifia na kurudi pamoja na sindano. Kisha injini ikazima.

Nikapiga stata. Ilizunguka vizuri ila haikushika. Nikaenda nyuma kutazama ekzosi, hakuna moshi hata chembe. Moshi mweupe ungenipa moyo, maana yake dizeli inafika ila haiungui. Pasipo moshi, hakuna kinachofika kwenye nozeli, zile zinazopulizia mafuta ndani ya injini. Injini ya dizeli haina plagi. Hewa inabanwa mpaka inakuwa ya moto kiasi cha kuwasha mafuta yakipuliziwa ndani, kwa hiyo ikikataa ghafla namna ile, jambo la kwanza kuulizwa ni mafuta.

Dada akaja mbio na tochi. "Imeingia upepo?"

"Ni dizeli uliyoleta," nikasema. "Umepewa maji nawe ukapokea tu."

Nilisema hivyo kabla sijagusa hata spana moja. Yeye ndiye aliyekwenda kuifuata mchana ule, madumu mawili, peke yake. Hakujibu kitu. Aliniwekea tochi juu ya tangi ikiangalia injini, akarudi kwa Mama.

Nikaanza kutoa upepo ulioingia kwenye njia ya mafuta. Spana namba 10 kwenye skrubu ya juu ya chujio la pili, nailegeza mizunguko miwili, mkono wa kushoto unapampu kile kijimkono cha pampu ndogo ubavuni mwa injini. Mwanzoni hakuna kitu, kijimkono chepesi kama kimekatika. Halafu ukasikika mlio wa kuchemka na povu jeupe likatoka kuizunguka skrubu, likateremka ubavuni mwa chujio. Unapampu tu. Povu linakuwa mapovu makubwa, mapovu yanakuwa machache, mpaka dizeli inatoka safi, utepe mmoja usiokatika. Hapo ndipo unapokaza. Yangu haikufika hapo. Ilikuwa ikitoka safi nahesabu moja, mbili, tatu, nne, halafu linakuja povu moja dogo kama punje ya mtama, na jingine nyuma yake. Nikafuta, nikapampu tena. Moja, mbili, tatu, nne, tano, punje. Kidole gumba kilishaanza kufa ganzi. Nilijiambia ni mabaki tu, nikakaza.

Ikawaka, ikanguruma, dakika nne, ikazima.

Mara ya pili nililegeza na nati za mabomba ya nozeli. Kule vidole vikae mbali, maana dizeli inayosukumwa na pampu ya nozeli inaweza kupenya ngozi. Nikapiga stata mpaka zikatema, nikakaza. Safari hii haikumaliza hata dakika tatu, na stata nayo ilianza kuvuta kwa uzito. Kutoka chumbani nikasikia inveta inaanza kulia, ule mlio wa kutuonya kwamba betri zinakaribia kukata. Niliisikia sauti ya Dada, haraka kidogo kuliko kawaida yake, ikimwambia Mama, "Nakubadilishia mrija, Mama, usivute kwa nguvu." Alikuwa amefungua ule mtungi.

Nilikagua viungo vyote kwa karatasi kavu, kimoja kimoja. Karatasi ilirudi kavu. Nikazidi kuamini ni dizeli. Nikamimina kidogo kwenye chupa ya kioo nikaiweka mbele ya tochi. Maji ni mazito kuliko dizeli, yangekaa chini na mpaka wake ungeonekana. Nikaitazama ile chupa kadiri nilivyothubutu kwa usiku ule. Dizeli ilikuwa njano angavu, juu mpaka chini. Unaweza kusoma maandishi kupitia upande wa pili.

Mpira mweupe, ule unaoona ndani, nilikuwa nao wa mita moja. Nikaweka dumu la pili la Dada juu ya meza, juu kuliko injini, nikachomeka mpira kutoka dumuni moja kwa moja hadi kwenye ile pampu ndogo, tangi na chujio la kwanza nikaviruka. Nikatoa upepo mara ya tatu. Povu likaja, likapungua, likaisha. Nikahesabu mpaka ishirini. Ndani ya ule mpira hapakuwa na kitu kinachotembea ila dizeli tupu.

Stata ilizungusha kwa shida, mara mbili, tatu, injini ikakohoa moshi mweupe mwingi, ikashika. Sindano ikapanda hadi 50 ikakaa. Dakika nne zikapita. Kumi. Nilisimama pale nimeshika dumu kwa mikono miwili kana kwamba litaondoka. Taa ya Mama ilikuwa imetulia, na inveta imenyamaza.

Ilikuwa inanguruma kwa dizeli ile ile. Nililielewa hilo pale pale, nimelishika dumu.

Kulipokucha nilifungua chujio la kwanza. Tangi letu liko chini ya injini, kwa hiyo kuanzia tangini hadi kwenye ile pampu ndogo mafuta yanavutwa, hayasukumwi. Pakiwa na kitundu huko dizeli haitoki nje, hewa ndiyo inayoingia ndani. Ndiyo maana karatasi yangu ilikuwa kavu. Kwenye bolti ile yenye tundu katikati, inayopitisha mafuta, nikaikuta wosha ya shaba, ile pete bapa inayoziba kiungo, pana kama ukucha wa kidole gumba. Ilikuwa na mkwaruzo mmoja unaokatiza kutoka ukingo wa ndani hadi wa nje, mwembamba kama unywele, unauona ukiuelekeza kwenye mwanga tu. Nilikuwa nimebadilisha chujio lile siku tatu kabla. Wosha mpya sikuwa nayo, nikairudisha ya zamani na kuikaza zaidi. Shaba ikishabanwa mara moja inakuwa ngumu, haikubali tena kujaza mikwaruzo.

Niliisugua ikawa bapa, nikaichoma motoni mpaka ikawa nyekundu ya giza, nikaitumbukiza majini. Ikabambuka magamba meusi, ikawa laini tena, unaweza kuikunja kwa vidole. Ilifanya kazi mpaka tulipopata mpya.

Dada alinikuta nikiirudisha mahali pake. Macho yake yalikuwa mekundu kwa kukesha. Akauliza, "Imepona?" Nikasema imepona. Akaliangalia lile dumu mezani akasema, "Nisamehe, ndugu yangu. Safari ijayo nitachuja."

Nikasema sawa.

Mama aliishi miaka mingine baada ya usiku ule, na alipotutoka haikuwa kwa ajili ya umeme. Dada amechuja kila tone tangu wakati huo. Ana kitambaa chake cha kazi hiyo, anakifua na kukianika peke yake. Na nozeli zetu hazijaziba hata mara moja, jambo ambalo nimewahi kulitumia kujiambia kwamba hakuna aliyeumia. Uchafu ni adui wa nozeli, kuchuja ni vizuri. Sijui kama nataka aache. Ninachojua ni kwamba anachuja kwa sababu anaamini usiku ule karibu amuue Mama.

Jumamosi nilipomaliza kukaza, binti yangu aliokota wosha niliyoitoa akauliza kama aitupe. Nikamwambia anipe.

Jana Dada alikuja na dumu. Nikamshikia faneli. Akatandaza kitambaa juu yake, akakibonyeza katikati kwa vidole viwili kama afanyavyo siku zote, akaanza kumimina pole pole. Wosha ilikuwa mfukoni mwangu.

"Dada," nikasema, "unaukumbuka ule usiku wa mtungi?"

"Shika vizuri," akasema, "inamwagika." Kisha akainua dumu, likaacha kumimina, akanitazama. "Ndiyo. Kwani vipi?"