Macho ya kondoo: kabla hujakimbilia dawa angalia hori na huyo mgeni uliyemnunua

Wafugaji wenzangu wa Kisongo, Monduli mpaka kule Longido, vumbi ndo limeshaanza na watu kadhaa wameshanipigia kuuliza dawa ya macho ya kondoo, sasa naandika hapa kwa urefu maana kwenye simu tunaishiaga kutajiana jina la dawa tu, wakati kwangu mimi dawa ndo sehemu ndogo kabisa ya hii kazi.

Ukitaka kuugundua huu ugonjwa wa macho mapema angalia shavu. Hawa kondoo wetu wa kichwa cheusi wanasaidia sana kwa hilo, jicho likianza kutoa maji vumbi linagandia hapo chini na unaona mstari wa udongo umeshuka kwenye manyoya meusi, pita zizini asubuhi kabla hujawafungulia utauona. Mwenyewe anafumbafumba, anakwepa jua, kope zimeshikana kwa tongotongo, na ukivuta kope ya chini kwa kidole gumba nyama ya ndani ni nyekundu na imevimba. Ukichelewa siku chache unakuta kioo cha jicho kimeingia ukungu, kinakuwa cheupe kabisa, hapo haoni.

Mara nyingi ni bakteria, hasa wale wa kundi la maikoplazma, na klamidia nao wamo. Wanasafiri kwenye machozi. Kondoo wakibanana kichwa kwa kichwa kwenye hori moja, nzi akitoka jicho hili akatua lile, basi, na vumbi na upepo vinachubua jicho na kurahisisha kazi. Kubwa zaidi ni mgeni, mtu ananunua dume zuri mnadani, jicho linatoa maji kidogo anaambiwa ni vumbi la njiani, jioni ileile linalala na kundi. Na ubaya mwingine hata aliyepona anaweza kubaki na vimelea machoni bila dalili yoyote, kwa hiyo mgeni mwenye macho safi naye akae pembeni wiki tatu au nne. Huko Uswisi kondoo wanaopandishwa malisho ya milimani wameshawaambukiza mpaka wanyama pori wa kule, jamii ya mbuzi, wakipofuka wanaanguka magengeni na kufa, yaani kuchangia malisho tu kunatosha.

Ila sio kila chozi ni huu ugonjwa. Kondoo mmoja, jicho moja, geuza kope utafute mwiba au mbegu ya nyasi. Na wakiwa wengi wana machozi pamoja na kamasi, vidonda mdomoni na kuhara, huo unaweza kuwa ugonjwa mwingine, sotoka ya mbuzi na kondoo, usianze kubahatisha, mwite afisa mifugo siku hiyohiyo.

Sasa dawa. Jamani penisilini haiui maikoplazma, inafanya kazi kwa kuvunja ukuta wa seli na huyu hana huo ukuta, kwa hiyo unachoma sindano hela inaenda bure. Inayotumika sana ni oksitetra (oksitetrasaiklini, antibiotiki), ile ya asilimia 20 ya kukaa muda mrefu mwilini ni mili (mililita) 1 kwa kila kilo 10 za uzito, ndani ya msuli, kondoo wa kilo 30 ni mili 3, lakini mwonyeshe kwanza daktari wa mifugo au bwana mifugo wako. Kuna na ya tyubu ya kupaka jichoni, nayo nzuri ila inataka kurudiwa kila siku na kumkamata kondoo kila siku mnajua wenyewe. Dawa za macho zenye steroidi, zile za kutuliza uvimbe, kaa nazo mbali, jicho likiwa na kidonda zinaliharibu. Chumvi na maji ya tumbaku pia hapana, najua wazee wetu wametumia lakini lile jicho tayari limechubuka, unamuongezea maumivu tu.

Mgonjwa mtoe kundini, mweke kivulini, majani na maji yawe jirani maana haoni pa kwenda, wengi wanaonekana kudhoofika kwa ugonjwa kumbe ni njaa. Jike mwenye mimba kubwa, hasa ya mapacha, mwangalie kuliko wote, asipokula siku chache anaweza kuanguka na kufa wakati jicho lenyewe lingepona. Jike mwenye mtoto anayenyonya watoe wote wawili. Lisha wazima kwanza ndo uende kwa wagonjwa, nawa mikono na sabuni, mbolea ondoa zizini kupunguza nzi, na hori ziwe ndefu au ziongezwe wasibanane. Wengi wanapona ndani ya wiki mbili tatu, hata lile jicho lililokuwa jeupe linarudi kuona, so usikimbilie kumchinja.

Na uliyemchoma sindano usimuuze wala kumchinja kabla siku zilizoandikwa kwenye chupa hazijaisha, kila chupa ina siku zake, andika tarehe ukutani au mpake rangi mgongoni, maana sikukuu ikikaribia mteja akija na hela mkononi ni rahisi sana kusahau.