Waliniambia nizoee, mimi nikaanza kuulizia

Mwaka wa sita huu napokea simu za dharura hapa Mwanza, na ushauri niliopewa kuliko mwingine wowote ni huu: zoea. "Utazoea tu, dada." Ushauri huo nusura unimalize.

Dereva wa gari la wagonjwa anafika, anamwona mtu, anamkabidhi kwa nesi. Sisi tunabaki na sauti. Usiku mmoja wa upepo nilikuwa na binti kwenye simu, yuko ndani ya mtumbwi wa injini kutoka kisiwa kidogo upande wa Ukerewe. Wifi yake amejifungua na damu haikati. Namwelekeza: mtoto mweke kwenye titi, sugua tumbo chini ya kitovu mpaka usikie pagumu, mfunike asipigwe na baridi. Anafanya huku analia, nasikia maji yanapiga ubao. Halafu kimya. Kupiga, haipatikani. Ikaingia simu nyingine, bodaboda kagongwa Buhongwa, nikaipokea kwa sauti ileile ya utulivu.

Sisi wa Ziwa Victoria tuna MV Bukoba iliyozama Mei 1996, tuna MV Nyerere iliyopinduka Septemba 2018. Kichwa changu kilijua chenyewe pa kuupeleka ule mtumbwi. Kila nikifumba macho umepinduka. Nikawa silali nikitoka zamu ya usiku, mwanangu akidondosha kijiko namfokea mpaka anajificha.

Mwenzangu mmoja akasema tatizo ni simu, siku za mapumziko niwe naizima. Nikazima. Nikaisikia ya jirani ikiita ukutani, nikaamka nimekaa kitandani, mdomo tayari unasema "uko wapi, niambie kilicho karibu nawe". Mara tatu usiku huo. Nikaona basi nimefanya nusu nusu. Nikaichukua simu mpaka Nyegezi kwa shangazi, akaifungia kabatini, nikarudi mikono mitupu nikijiona nimepona. Jioni nikaanza kuwaza: je, mama kijijini akiugua? Je, yule binti akipiga? Namba yangu hana, hata siku moja hakuwa nayo, lakini niliwaza hivyo. Saa tano usiku nilikuwa juu ya bodaboda naenda Nyegezi. Shangazi alifungua mlango, akanitazama, akanipa simu na kanga ya kujifunika. Hakuniuliza kitu, na nilimshukuru kwa hilo.

Kesho yake nikaenda kliniki ya afya ya akili. Niliogopa foleni, maana ukionekana pale mtaani wanasema umechanganyikiwa. Kadi na yote ilikuwa elfu kumi na kitu, sikumbuki vizuri. Tuliongea mengi na mtaalamu wa pale, ila swali lake moja ndilo lililonifanyia kazi: huyo wa mtumbwini aliishia wapi? Nikasema sijui. Akaniuliza, umewahi kuulizia?

Sikuwahi. Kazini tulifundishwa kwamba kazi yetu inaishia gari likiondoka.

Nikaenda Mwaloni, Kirumba, Jumamosi mbili mfululizo, kwa watu wa mitumbwi. Wa kwanza walidhani nadai hela. Jumamosi ya pili mzee mmoja akasema huo usiku anaujua, aliyekuwa usukani ni mdogo wake. Simu ya binti ilitumbukia kwenye maji waliyokuwa wanayakomba mtumbwini. Mama alipokelewa Nansio, kulekule Ukerewe, akaongezewa damu, akapona. Anauza dagaa, mtoto anatambaa. Miezi minane nilikuwa na msiba wa mtu aliye hai. Nililia pale pale mbele ya matenga ya samaki.

Siku hiyo nikanunua kaunta buku. Namba ya simu iliyoingia, saa, na safu ya mwisho nimeandika "Imeishaje". Majina siandiki, siri ya mgonjwa ni yake. Asubuhi kabla ya kukabidhi zamu napiga kule alikopelekwa. Wakati mwingine naandika "hakufika", na siku hiyo nalia, lakini usiku wake nalala. Hilo sikulitegemea. Kama unafanya kazi hii, usiwaachie wakubwa wakuamulie hili, anza na daftari lako.

Dakika kumi za kutoka nje baada ya simu nzito zilikuwa ngumu zaidi kuzipata. Bosi alisema watu ni wachache. Nikamwambia, bosi, gari likirudi na damu si linaoshwa kwanza ndipo lipakie mwingine? Akanyamaza. Wiki iliyofuata tulikuwa na benchi chini ya mwarobaini, na mtu wa kushika simu yako ukiwa pale. Hilo najivunia, nilipigania mwenyewe.

Tuko wanne sasa tunaoandika kwenye lile daftari. Ukurasa wa leo una nafasi mbili tupu, zote za visiwani. Boti ya kwanza inafika asubuhi, nitawapigia kabla sijavua hedseti.