Viungo 32 vilivyopotea Kikoni

Mwaka wa mwisho wa shahada, mimi na mwenzangu wa Arua tulikesha katika chumba changu cha kupanga pale Kikoni, karibu na Makerere, tukisumbuliwa na kilele cha mchoro kilichokaa pasipo pake.

Tulikuwa tunaiga kwa kompyuta mpito wa awamu, yaani jinsi sumaku inavyopoteza mpangilio wake ikipashwa joto, kwa modeli ya Ising: karatasi ya spini (visumaku vidogo) 16 kwa 16, kila moja ikielekea juu au chini, majirani wakivutana waelekee upande mmoja. Njia yetu ilikuwa ya Metropolis. Chagua spini moja kwa nasibu, kokotoa nishati itabadilika kiasi gani ukiigeuza. Ikipungua, geuza, ikiongezeka, geuza kwa uwezekano wa exp(−ΔE/T), ΔE ikiwa ongezeko hilo na T halijoto. Majaribio 256 ni duru moja. Duru 2,000 za mwanzo tulizitupa ili karatasi isahau ilikotoka, kisha tukapima 20,000 kwa kila halijoto, kuanzia 1.5 hadi 3.5 kwa vipimo vya modeli yenyewe, si selsiasi.

Lars Onsager alionyesha mwaka 1944 kwamba karatasi isiyo na mwisho hupoteza mpangilio kwenye halijoto 2.269. Hesabu ya wastani, ile inayowafanya majirani wote kuwa sawasawa, hutoa 4. Kwa karatasi tambarare siitaki hata kwa makisio. Mpito huonekana kama kilele cha mwitikio wa sumaku, yaani jinsi karatasi inavyoyumba kirahisi, na chetu kilisimama karibu na 2.1.

"Ndugu yangu, ongeza duru," akasema. Tukaongeza mara tano. Mchoro ukalainika, kilele kikabaki palepale. Ilitosha kutushtua, maana duru nyingi hupunguza kelele za nasibu tu, kosa la muundo hazilifikii. Lakini ilikuwa saa saba usiku na njaa inauma, tukashuka kutafuta rolex, chapati iliyoviringishwa na mayai.

Tuliporudi, akataka tujaribu mahali ambapo jibu hujulikana bila kompyuta: halijoto 0.5, spini zote juu. Kila spini ina viungo vinne vya kuiunganisha na majirani, kila kiungo ni cha spini mbili na hushusha nishati kwa 1, basi nishati kwa spini ni −2. Skrini ikaleta −1.875. Pungufu ya 0.125 mara 256 ni 32. Viungo 32 vilikosekana: 16 vya ukingo wa kulia, 16 vya ukingo wa chini.

Kosa lilikuwa langu. Nilikuwa nimeizungushia karatasi sifuri ili programu isilalamike ikitafuta jirani nje ya ukingo. Spini 56 za kingoni zikabaki na majirani watatu, nne za kwenye pembe wawili. Karibu robo ya karatasi ilishikwa kwa ulegevu, mpangilio ukavunjika mapema. Nikaandika (i+1) % 16, yaani baki la kugawa kwa 16, ili baada ya safu ya mwisho ije ya kwanza, na pande nyingine vivyo hivyo. Ukingo wa kulia ukaungana na wa kushoto, wa chini na wa juu.

Kilele kikahamia juu kidogo ya 2.3. Karatasi ndogo iliyofungwa hivyo hukisukuma kulia. Ya 32 kwa 32 ikakirudisha karibu zaidi na 2.269. Ya 64 kwa 64 tuliianzisha alfajiri. Umeme ukakatika ikiwa kwenye 2.2, na betri ya kompyuta ilikufa zamani. Kila halijoto ikikamilika ilikuwa inaandikwa kwenye faili, kwa hiyo tulipoteza hiyo moja.