Nilivyowavusha ndama kiangazi kwa mabua ya mpunga

Nafuga ng'ombe wachache, wa kienyeji na chotara, Mtwara vijijini, jirani na bonde la mpunga la Kitere. Mtu akisikia Mtwara anawaza korosho, na ni kweli, mfugaji huku ni mtu wa pembeni. Mvua yetu ni ya msimu mmoja: inaanza mwezi wa kumi na mbili, ikifika Mei imekwisha. Julai majani yameshakakamaa, Agosti moto unapita porini, na kinachobaki ni majivu na vichaka. Ng'ombe mkubwa atahangaika hivyo hivyo mpaka Novemba, atakonda lakini atafika. Mwenye shida ni ndama aliyeachishwa kunyonya karibuni. Huyo akidumaa kiangazi cha kwanza, akiwa jike utasubiri sana kumpandisha. Na kumswaga mbali kutafuta majani ni kumpeleka kwa ndorobo, wale mbung'o wenye maradhi.

Miezi hiyo hiyo kule bondeni watu wanavuna mpunga, wanapiga, wanabeba magunia yao, na mabua wanayatia kiberiti. Nilipoenda kuyaomba, mama mmoja mwenye majaruba alinitazama akacheka.

"Mwanangu, unaenda kuezekea?"

"Hapana mama, ni chakula cha ndama."

"Basi hao ndama wako wana njaa kwelikweli."

Alikuwa na sababu ya kucheka. Mabua ya mpunga yana protini kama asilimia 4 tu, na ndama anayekua anahitaji asilimia 12 hivi. Isitoshe ni magumu, yana madini mengi ya silika, yale yanayokukwaruza mkono ukiyashika vibaya. Ukimpa ndama mabua peke yake utamwona ana tumbo kubwa ukafurahi, lakini mbavu unazihesabu na manyoya yamesimama. Tumbo limejaa, mwili haupati kitu. Mimi mabua nayachukua kama cha kujazia tu. Kinachomkuza ndama ni vile vinavyowekwa pembeni yake.

Kwanza nawahi. Nachukua mabua wiki ile ile yalipopigwa, yakiwa bado na ukijani kidogo, kabla jua halijayapausha. Tunayakandamiza kwenye boksi la mbao lisilo na mfuniko wala kitako, tunafunga kwa kamba ya katani, tunapata marobota ya kubebeka, guta linayaleta nyumbani. Nayapanga juu ya kichanja cha miti chini ya paa la makuti. Kichanja ni lazima, maana mchwa wa huku akilipata robota chini, asubuhi unakuta vumbi. Robota lililonyeshewa likaota ukungu halipandi kichanjani. Naliweka shambani liwe matandazo.

Cha kujengea mwili natafuta kwanza kwa majirani. Majani ya karanga ndiyo ninayoyapenda kuliko yote: karanga zinang'olewa mapema, majani yanabaki na mashina yake malaini, na ndama anayakimbilia. Ya kunde na njugumawe pia. Ikifika Agosti na Septemba watu wanapiga mbaazi, nakusanya maganda na majani yaliyopukutika uwanjani. Mabua ya ufuta nawaachia wenyewe, ni kuni zile. Kinachonikera kuhusu ufuta ni kwamba Lindi na Mtwara tunaulima kwa wingi, lakini unauzwa mbegu nzima na kuondoka, kwa hiyo mashudu yake, yale makapi yanayobaki mbegu ikikamuliwa mafuta, huyaoni. Nanunua ya alizeti yanayoletwa kutoka mikoa mingine, nayatumia kwa kupima.

Ndama wa kilo 120 hivi anakula chakula kikavu kama kilo 3 hadi 3 na nusu kwa siku. Kwa mmoja wa namna hiyo natoa majani ya karanga kilo moja, pumba za mahindi nusu kilo, mashudu robo kilo hadi nusu, na fungu la majani mabichi ya lusina, mti wa malisho. Lusina haizidi theluthi ya chakula chote kwa sababu ina sumu yake, lakini siikosi, maana mabua makavu hayana vitamini A na ndama anahitaji kijani cha kumpa hiyo. Jiwe la madini linaning'inia bandani muda wote. Maji hayakatiki, chakula kikavu bila maji kinamganda tumboni.

Mabua yenyewe nakatakata kwa panga, vipande vya urefu wa vidole viwili vitatu, halafu naweka kwenye hori mengi kuliko watakayoyamaliza. Jirani yangu mmoja aliona ni ufujaji. Lakini ndama akiwa na mengi anachagua: anachomoa majani na ncha laini, anaacha vifundo na mashina. Ukimpa kidogo ili amalize, unamlazimisha ale hata kile kisichomfaa. Yaliyobaki jioni nayazoa nawapa ng'ombe wakubwa, wao wana tumbo la kuyamudu. Hakuna kinachotupwa. Pumba na mashudu nawapa baada ya kuanza mabua asubuhi, na nagawa mara mbili, asubuhi na jioni, nisiwape zote kwa mkupuo.

Nitajuaje kama mchanganyiko umekaa sawa? Naangalia kinyesi. Nachukua kijiti nakipasua. Kikiwa kigumu, kimepandana kama vigae, na ndani kuna nyuzi ndefu za mabua zilizotoka kama zilivyoingia, najua vijidudu vya tumboni vinavyosaga chakula vimekosa protini, naongeza majani ya karanga au mashudu. Kikilainika na nyuzi zikawa fupi, naacha. Nina pia utepe wa fundi cherehani, nawapima mzunguko wa kifua nyuma ya miguu ya mbele. Utepe hauna upendeleo. Jicho la mwenye mali linaona ndama amenona hata asiponona.

Karanga zikiwa zimekosa mvua mwaka huo, natumia urea, ile ile mbolea ya dukani yenye naitrojeni asilimia 46. Afisa mifugo ndiye aliyenielekeza. Kilo 4 za urea kwa kila kilo 100 za mabua makavu, inayeyushwa kwenye maji lita 60 mpaka isionekane hata chembe, unanyunyizia tabaka kwa tabaka huku mtu anakanyaga. Mimi natumia shimo lililotandikwa nailoni, juu nafunika nailoni tena na udongo, hewa isipite. Baada ya wiki tatu nafungua. Harufu inakupiga usoni, macho yanatoka machozi, mabua yamegeuka rangi ya kahawia na yamelainika. Ile hewa kali ndiyo iliyolegeza ugumu wa mabua na kuyaongezea naitrojeni. Ninachotoa leo nakianika mpaka kesho, harufu ipungue, ndipo nakipeleka horini.

Hapa sina mzaha. Ndama wa chini ya miezi sita haonji mabua ya urea, tumbo lake la kucheua halijakomaa. Wakubwa zaidi wanaanza na kidogo kilichochanganywa na mabua ya kawaida, wanazoea taratibu. Na ndoo ya maji ya urea haiachwi hata dakika moja mahali ndama anapita, akiyanywa anakufa.

Jambo jingine la huku kwetu: wakati wa kupuliza salfa kwenye mikorosho, sikati majani chini ya mikorosho wala sichukui mabua ya mahindi yaliyolimwa katikati yake. Ile poda ya njano inatua kila mahali, na salfa ikimzidi ng'ombe inamwathiri ubongo. Mabua ya bondeni yako mbali na mikorosho, hilo limenisaidia bila kulitafuta. Mabibo yakianza kuanguka Oktoba nawakatia machache juu ya mabua ili wavutiwe kula, yakiwa mabichi ya siku hiyo. Yaliyolala yameshaanza kuwa uraka, pombe ya mabibo, hayo yana wenyewe.

Kwa utaratibu huu ndama hawanenepi kama wa masika. Wanakua polepole, utepe unasogea kidogo kila mwezi, manyoya yanalala. Mimi nalitaka hilo tu. Mvua ya kwanza ikishuka siwaachii majani machanga ghafla, wataharisha. Asubuhi wanakula mabua kwanza, ndipo wanatoka, hadi kinyesi kitulie.

Kule bondeni mambo yamebadilika. Watu wameona guta linapakia, siku hizi mabua yana bei. Yule mama aliyenicheka hataki hela. Anataka samadi kwa ajili ya bustani yake ya mchicha, gunia kwa robota, na kila mara anasisitiza gunia lijae mpaka mdomoni.