Jusepe

Mwaka 1996, nikiwa darasa la tano, tulimpeleka shangazi hospitali ya Mathari, Nyeri. Majibu yalichelewa. Babu akachoka na benchi, akanishika mkono: "Twende pale kwa Waitaliano."

Babu alikuwa askari wa Keya, jeshi la kikoloni la Waingereza. Waitaliano waliposhindwa Ethiopia mwaka 1941 waliletwa Kenya kwa maelfu, naye akapangiwa kulinda mateka katika Kambi 354, Nanyuki, mlima ukiwatazama. Mateka mmoja, seremala, alizoea kumwomba tumbaku. Siku moja akamlipa kwa kijiko cha mti wa mutamaiyu, mpini umechongwa kama shingo ya bata. Nimekulia uji kwa kijiko hicho. Bata alishavunjika mdomo kabla sijazaliwa. Yule seremala akashikwa na homa, akapakiwa kwenye lori, na babu hakumwona tena.

Kwa Waitaliano ni kanisa, na kanisa lile ni kaburi. Wamelala humo wanajeshi zaidi ya 600, majina yao yamepangwa ukutani juu hadi chini. Mbele kuna Amedeo, Duke wa Aosta, aliyewatawala Ethiopia kwa niaba ya mfalme wao. Alijisalimisha kwenye mlima Amba Alagi, Ethiopia, Mei 1941, akafa Nairobi akiwa mateka, tarehe 3 Machi 1942, kwa malaria na kifua kikuu. Babu alimpita tu.

"Huyo ni mkubwa. Wakubwa hawapotei. Nisomee hawa."

Babu hakujua kusoma.

"Anaitwa nani, babu?"

"Jusepe."

Nikaanza mstari wa chini. Carlo. Antonio. Gi-u-sepe, nikaisoma kwa ile g ya gari, kama mwalimu alivyotufundisha. Babu akatikisa kichwa: siye, endelea. Nilisoma mpaka shingo ikaniuma kwa kutazama juu. Kila nikimaliza ukuta anauliza, "Jusepe hayupo?" Nami namjibu hayupo, tena kwa fahari ya mtoto anayejua kusoma.

Nje alivaa kofia yake. "Basi alifika kwao," akasema, na njia nzima ya kurudi wodini alikuwa akipiga mluzi.

Babu tulimzika mwaka 2003. Miaka kadhaa baadaye, kwenye harusi ya binamu yangu, padri mzee wa Consolata, shirika la wamisionari kutoka Italia, alimwita mwenzake aliyekuwa meza ya pili: "Giuseppe!" Masikioni mwangu ikaingia Jusepe, safi kabisa. Nikaweka sahani chini.

Ukutani pale nilikuwa nimelisoma jina hilo si mara moja.