Kumbukumbu ya mradi wa damu, tawi letu la Mbagala: 13 kati ya 16 wamerudi

13 kati ya 16. Naiweka namba hiyo juu kabisa kwa sababu nimeihangaikia tangu Machi, na jana usiku nimeihesabu upya kwenye kaunta buku mara tatu, kama mtu anayehesabu hela za kikoba.

Wanaume 16 wa tawi letu (sisi ni tawi la mashabiki wa Yanga, msiulize) walichangia damu Jumamosi ya 20 Septemba 2025. Miezi mitatu kamili baadaye, Jumamosi ya 20 Desemba, 13 kati yao wamekuja tena wakanyoosha mkono. Mwezi Juni, kati ya wanaume 9 waliochangia Machi, walirudi wawili tu. Mmoja nilikuwa mimi katibu, na wa pili nilimfuata kwake.

Mengine ya mwaka huu nayapitia mbiombio. Mtaro wa nyuma ya banda umiza letu, tunapoangalia mpira, tuliuzibua kabla ya masika, kwa majembe ya kuazima, na mwaka huu maji hayakuingia kwa jirani. Unga, sukari na mafuta tumepeleka kituo cha watoto mara mbili. Tumezika wanachama wawili na kukodi Coaster ya kusafirisha wafiwa. Ligi ya watoto wa mtaa imekufa mikononi mwangu, nakiri. Jezi 22 bado ziko kwenye kiroba uvunguni mwa kitanda, na kila nikikutana na mzazi natazama simu. Kilichoniteka ni hii damu.

Wenye matawi mnajua taratibu: barua serikali ya mtaa, turubai, viti vya plastiki, kuomba timu ya Damu Salama, mpango wa taifa wa damu, ije. Sirudii. Kumpata mtu mara ya kwanza nako si kazi. Puliza vuvuzela, weka soda kwenye barafu, watakuja. Kazi ni mara ya pili. Chembe nyekundu zikishawekwa kwenye friji zinadumu siku 35 hivi, basi. Ukijaza watu mia Machi, Mei hakuna hata tone lao. Halafu damu nyingi nchini inatoka kwa wanafunzi wa sekondari. Shule zikifungwa Juni na Desemba, benki ya damu inapwaya, wakati mama anayetokwa damu baada ya kujifungua hasubiri shule ifunguliwe, na mgonjwa wa selimundu (sikoseli) hana likizo. Kwa hiyo sikutaka umati. Nilitaka watu walewale, kila tarehe ikifika.

Sasa aibu yangu.

Tarehe ya kwanza niliichagua kwa ratiba ya ligi. Jumamosi ya 8 Machi 2025 palikuwa na dabi ya Kariakoo, Yanga na Simba, nikasema asubuhi tunatoa damu, usiku tunaangalia mpira. Nilitazama ratiba, sikutazama mwezi. Ramadhani ilikuwa na wiki moja tu! Mbagala, nusu ya tawi wamefunga, nami nimewaitia sindano saa nne asubuhi. Ikaja na habari kwamba Simba hawapeleki timu, dabi ikaahirishwa, na wanaume waliokuwa hawajafunga wakahamia kijiweni kubishana kanuni. Tuliokolewa na akina mama. Ilikuwa Siku ya Wanawake, walikuwa wameshajipanga na vitenge vyao, wakaja. Chupa 21: wanawake 12, wanaume 9.

Tarehe ya pili nikaiweka 14 Juni, Siku ya Wachangia Damu Duniani. Dabi nayo ilikuwa imepangiwa tarehe 15, nikaona mambo si ndiyo haya. Dabi ikasogezwa tena hadi 25. Hilo nilishalizoea. Kilichoniua ni hesabu. Akina mama 10 kati ya wale 12 walirudi. Wamekunywa maji, wamekula, wamefika kabla ya turubai kusimama. Wakarudishwa wote kumi.

Mwanaume anachangia kila baada ya miezi mitatu, mwanamke kila baada ya minne. Maji ya damu mwili unayarudisha ndani ya siku moja au mbili, lakini madini ya chuma yanachukua muda, na mwanamke ana matumizi yake ya kila mwezi. Machi hadi Juni ni miezi mitatu na siku sita. Nilikuwa nimelisoma hilo, na kipeperushi nilikuwa nacho mfukoni. Mwenyekiti wa akina mama alinitazama muda mrefu, kisha akasema, "Katibu, mwanangu, umetuamsha alfajiri yote hii na hukuhesabu?" Hakunigombeza zaidi ya hapo. Angenigombeza ningelala.

Siku hiyo tulipata chupa saba.

Nikajifungia na zana. Niseme ninavyoona, anayebisha abishe. Grupu la WhatsApp halikumbushi mtu kitu. Tangazo la damu linawekwa saa mbili, saa mbili na dakika tano limefunikwa na picha ya kipa wa wapinzani akiokota mpira wavuni. Ujumbe mfupi wa pamoja ni mbaya zaidi: watu wameshalishwa sana "ile hela tuma kwenye namba hii", hivyo namba ngeni ikiandika "ndugu mwanachama, tunakukumbusha", inafutwa haijasomwa. Nikajaribu jedwali kwenye simu, lipige hesabu ya tarehe lenyewe. Nikaandika 8/3, likaelewa tarehe 3 Agosti kwa mtindo wa Kimarekani, likanipangia watu waje Novemba. Nilikaa nalo usiku mzima ndipo nikagundua. Nimerudi kwenye kaunta buku: wino wa bluu wanaume, wa kijani wanawake, na tarehe ya kurudi naiandika pale pale mtu akiwa bado anakunywa soda. Karatasi haijui Marekani iko wapi.

Lakini hata tarehe zikiwa sahihi, wanaume hawakuja. Nilipiga simu moja moja. "Sawa katibu, nipo." Hayupo. Nikaanza kuelewa kwamba katibu wa tawi ni mtu anayeomba michango siku zote, na sikio la mwanachama limeshaota sugu kwa sauti yake.

Suluhisho lilitoka ng'ambo ya barabara. Mkabala na banda letu kuna tawi la Simba. Ile Juni walikaa barazani wakihesabu tunavyorudishwa. Jioni mmoja wao akanipigia: "Mtani, nasikia leo Utopolo mmetoa chupa saba. Nyie watu mna damu kweli?" Nilikasirika hadi saa sita usiku. Saa sita na kitu nikakaa kitandani: huyu bwana kanipigia mara moja tu na sijalala. Mimi nimewapigia watu wangu mara nne na wanakoroma.

Basi tukabadilishana orodha. Wao wanawakumbusha watu wetu, sisi tunawakumbusha wao. Kila mtu aliulizwa kwanza kama anaridhia, na kinachovuka barabara ni jina, namba ya simu na tarehe tu. Majibu ya vipimo hatuyajui na hatutaki kuyajua. Damu inapimwa UKIMWI, homa ya ini B na C, na kaswende, na nimegundua hofu ya majibu inakimbiza watu kuliko sindano. Ndiyo maana tuna kanuni moja ngumu: aliyerudishwa mezani haulizwi. Anapata soda ileile, utepe uleule, na kazi ya kugawa viti, ili anayepita asijue nani katoa na nani hakutoa.

Tarehe 20 Septemba, siku nne tu baada ya sisi kuwafunga 1-0 kwenye Ngao ya Jamii, matawi yote mawili yakawa chini ya turubai moja. Utani ulivyokuwa, wahudumu walishindwa kuandika fomu kwa kucheka. Mzee mmoja wa Simba aliinua sauti: "Njooni mtazame, Wananchi wote ndani ni wekundu!" Wananchi ni sisi Yanga, watu wa njano na kijani, na nyekundu ni rangi ya Simba. Tukakosa jibu. Kweli, utasemaje? Ni baada ya kama saa moja ndipo mwenyekiti wetu wa akina mama alipoiona ile mirija midogo ya sampuli imesimama kwenye kishikizo. Damu ilikuwa imetulia na kujigawa, nyekundu imezama chini, juu yake maji ya rangi ya njano. Akamwita yule mzee kwa heshima zote. "Baba, hebu soma msimamo wa ligi hapo." Nimechangia damu mara nne mwaka huu na sijawahi kufurahi kama dakika ile.

Walitushinda hata hivyo, 29 kwa 27. Nimeandika kwa wino wa bluu, sifichi.

Wengi wanaorudishwa wanakwama kwenye kipimo cha wingi wa damu. Bodaboda wetu mmoja alikula maini ya kukaanga asubuhi hiyohiyo ili apite, hakupita. Haiendi hivyo. Ni wiki nyingi za dagaa, maharage, mchicha wenye ndimu, na kuacha kusukumia chakula kwa chai ya rangi, maana chai inazuia chuma kuingia mwilini. Alianza Oktoba, amepita Desemba. Nilitaka kutengeneza karatasi ya mlo kwa kila mwanachama, nikaishia nusu, kwa sababu nimeanza kitu kingine: orodha ya wenye kundi O hasi, damu inayoweza kupewa karibu mgonjwa yeyote, wa matawi yote mawili, watakaokubali kuitwa usiku hospitali ikihitaji. Mpaka sasa ninao wawili, mmoja wetu na mmoja wao. Sitaki kusikia neno jezi.

Jumamosi ya 20 Desemba wao walirudi 12 kati ya 17. Sisi 13 kati ya 16. Mtihani wenyewe ni 24 Januari, zamu ya akina mama 11 wa Septemba, na mwenyekiti ameshaniambia atakuja na kalenda yake mwenyewe.

Kwa kumbukumbu, wale watatu ambao hawakurudi: mmoja yuko Lindi kwenye korosho. Mmoja alikuwa kwenye dozi ya malaria, kwa hiyo hakuruhusiwa. Wa tatu alisema "sawa katibu, nipo" na hakuonekana. Nimeangalia daftari. Mtani aliyepangiwa kumpigia alikuwa msibani wiki ile, na simu nilipiga mimi.