Siku moja maishani mwangu, Julai 2024: fundi cherehani wa Mwanga, Kigoma, Ziwa Tanganyika likiwa limefungwa kwa uvuvi

Saa kumi na mbili asubuhi

Bado giza. Wageni wanaotoka Dar hushangaa sana hili. Saa hii kwao watu wameshabanana kwenye daladala, huku Kigoma jogoo ndiyo kwanza anakohoa. Nchi nzima tunafuata saa ileile, lakini sisi tuko magharibi kabisa, kwa hiyo jua hutufikia dakika kama arobaini baada ya kuwafikia watu wa pwani. Nakoka jiko, nateleka chai ya tangawizi, kisha nakaa kwenye kigoda mlangoni na kanga mabegani, maana asubuhi za Julai zina baridi ya kweli. Hapo sifanyi kitu chochote. Simu nimeiacha ndani chini ya mto pamoja na habari zake zote za vita vya Kivu, ng'ambo Kongo, za bei na za nani kafa wapi. Zitanikuta tu, hazijawahi kunikosa.

Saa moja na nusu

Kutoka nyumbani hadi kibandani kwangu ni mwendo mfupi, ila kiangazi hiki nimeurefusha kwa makusudi, napita sokoni. Vumbi jekundu limetanda kila mahali, hata majani ya migomba yamebadilika rangi. Bibi muuza mihogo namsalimu "Mwakeye", ananijibu na kunikalisha. Zamani ningemwambia nimechelewa. Siku hizi nakaa, nakula muhogo wa kuchemsha wa moto, nasikiliza kesi ya jirani yake na mbuzi aliyekula kitenge kilichoanikwa. Kesi hiyo bado haijaisha, na naomba isiishe mapema.

Meza za dagaa zimepwaya. Tarehe 15 Mei mwaka huu wa 2024 uvuvi ulisimamishwa Ziwa Tanganyika, na utaanza tena 15 Agosti. Nchi zote nne zinazolizunguka ziwa, yaani sisi, Kongo, Burundi na Zambia, zimekubaliana kulipumzisha kwa miezi mitatu ili samaki wazaliane. Sina ugomvi na sababu yenyewe. Lakini Kigoma ukigusa ziwa umemgusa kila mtu, hadi fundi nguo. Wanaoanika dagaa ndio wateja wangu wa sare za harusi, na wenye mitumbwi ndio wanaolipa. Kabla ya hapo maji yalikuwa yamepanda yakaingia majumbani kule Kibirizi. Na mwishoni mwa Juni wafanyabiashara wa Kariakoo wakafunga maduka kugomea mambo ya kodi, basi zipu na bitana nilizoagiza zikakwama hukohuko.

Kwa hiyo mwaka huu kazi ni chache. Ndiyo hali, siifichi.

Saa mbili hadi saa sita

Binti ninayemfundisha kazi ameshafagia, ametia mafuta cherehani, amefungua redio. Asubuhi hii tuna gauni moja tu la maana, la mteja wangu wa Uvira, mji wa Kongo ng'ambo ya ziwa, anayevuka na boti kuleta vitenge na kurudi na bidhaa za huku. Nyumbani kwake kumejaa ndugu waliokimbia mapigano, anasema hata sebuleni hakuna pa kuweka mguu. Juzi alikuja kupima. Nilidhani ataniambia nimshonee kitu cha haraka haraka cha bei nafuu. Akatandaza kitenge cha waksi mezani, cha manjano na kijani, akasema:

"Mama fundi, hii mikono uifanye mikubwa. Mikubwa kabisa. Nataka wanione mupaka Uvira."

Tukacheka hadi binti akadondosha chaki.

Mikono ya puto haitaki pupa. Unapiga mistari miwili ya mishono mirefu pale juu, sambamba, na unaacha nyuzi zikining'inia pande zote. Halafu unashika nyuzi za chini na kuanza kuzivuta kidogo kidogo, kitambaa kinajikunja, marinda yanatokea. Hapo ndipo gumba linapofanya kazi: unayasukuma marinda yasirundikane sehemu moja, yakae mengi juu ya bega na yapungue kuelekea kwapani. Ukivuta kwa nguvu uzi unakatika na unaanza moja. Binti alikata wa kwanza. Alikata na wa pili. Nikamwambia aache, aende akanunue karanga, arudi. Aliporudi alivuta taratibu, ulimi nje kama mtoto wa darasa la kwanza, na bega likasimama. Alilishika, akaliinua juu kwenye mwanga wa mlango akilizungusha. Kazi ikiwa nyingi huwa simpi mikono kabisa, naimaliza mwenyewe usiku. Msimu huu ndio amejifunza.

Kuna mafundi hapa mjini wanaolipua kazi hata wakiwa na mteja mmoja kwa wiki. Siwaelewi. Hiyo haraka wanaipeleka wapi?

Saa saba

Ugali wa muhogo, kisamvu cha mawese na maharage ya Kasulu. Mgebuka, samaki wetu wa ziwani, haupo mpaka Agosti, na kisamvu kikiungwa vizuri hakina mpinzani. Binti hakubaliani nami.

Saa tisa alasiri

Nafunga. Jirani yangu muuza vifaa vya simu ananitazama kila siku kama mtu anayetupa hela mtaroni.

"Dada, hali ilivyo ngumu hivi, unafunga saa tisa?"

Leo nilisimama nikamjibu. Nikikaa hapa hadi saa moja usiku na hakuna mteja, nitakuwa nimepata nini zaidi ya maumivu ya mgongo? Akasema si suala la hela tu. Anaona vibaya mtu kwenda kuogelea wakati wenzetu ng'ambo wanakufa na wavuvi hawana kitu. Tungoje kwanza mambo yatulie.

Mambo yatulie lini? Mimi nimekulia hapa. Wazee wetu walipokea Warundi mwaka 1972. Mwaka 1996 vita vya Kongo vikaleta watu na mitumbwi usiku na mchana, na kambi ya Nyarugusu iliyofunguliwa mwaka huo ipo hadi leo. Mei 2015 Warundi walijaa kijijini Kagunga hadi ufuko hauonekani, kipindupindu kikaingia, meli ya Liemba ikawa inawabeba kuwaleta mjini, wakapumzishwa Uwanja wa Lake Tanganyika. Wiki zile mama yangu alikuwa anakoroga sufuria za uji kwa ajili ya watoto wa pale, na jioni akijifunga kanga zake mpya kwenda kwenye ngoma ya harusi ya mpwa wake, Ujiji. Kuna shangazi aliyemsema sana. Mama hakubishana naye, alimpa tu sufuria aoshe.

Nilimweleza jirani hivyo. Akanyamaza kidogo, kisha akaniomba nimletee mchanga wa ziwani, anataka kurekebisha ngazi ya duka. Sijui kama nilimshinda au vipi.

Saa kumi

Bajaji hadi Katonga. Mitumbwi imepandishwa ufukweni na kulazwa kwenye mchanga, taa zimefunguliwa na kupelekwa nyumbani. Wavuvi wamekaa kivulini wanashona nyavu, wengine wanacheza drafti kwa vizibo vya soda. Nawahesabu kuwa mafundi wenzangu: sindano ya nyavu inapita na kurudi, fundo, kuvuta, fundo, na mdomo unaongea muda wote. Pesa hawana, hilo wanalisema waziwazi, na mmoja ameuza redio. Lakini mzee mmoja alinipa jambo ambalo sikuwa nimelifikiria. Tangu awe kijana, usiku wa giza wote ameumalizia ziwani, akilala ni mwezi ukiwa mpevu tu. Hii ndiyo mara yake ya kwanza kulala usiku miezi miwili mfululizo. Anasema amegundua kwamba mke wake anakoroma.

Kijana mmoja akadakia: "Sisi wengine tumegundua mengine. Subirini Februari na Machi, wodi ya wazazi watalala wawili wawili."

Vicheko vilisikika hadi Bangwe, nadhani.

Kisha majini. Naingia na kanga, kama wanawake wote hapa. Katikati ya kiangazi, siku upepo ukitulia, maji yanakuwa maangavu hivi kwamba unaona kucha zako za miguu na vijisamaki vya mistari vinavyokuja kuzionja. Ziwa hili penye kina kirefu kabisa linafika karibu mita 1,470, la pili kwa kina duniani baada ya Ziwa Baikal la Urusi. Mimi maji yananifika kifuani na inanitosha kabisa. Watoto wametoka shule, sare zimeanikwa juu ya mtumbwi, wanarukia kutoka ubavuni mwake. Milima ya Kongo haionekani, moshi wa mbuga zinazochomwa na vumbi la msimu vimeifunika. Najua ipo. Nafikiria nyumba ile ya Uvira iliyojaa watu, halafu nazama hadi masikio na kutoa povu puani, na watoto wananicheka mtu mzima mimi.

Mchanga wa jirani nilibeba kwenye ndoo. Dereva wa bajaji alinitoza nauli yake.

Saa moja na nusu usiku

Chakula, vyombo, hesabu ya daftari. Hesabu ni fupi.

Saa tatu usiku

Sasa ndipo ninapoitoa simu chini ya mto. Nasoma habari za siku nzima mara moja, nusu saa, basi. Zikiwa mbaya nalala nazo, lakini angalau hazijanila mchana. Leo kati ya hizo kulikuwa na ujumbe wa shoga yangu wa Kibirizi, mke wa mvuvi, ambaye nilimpima gauni la harusi ya mdogo wake mwanzoni mwa mwezi. Ameandika:

"Fundi wangu, lile gauni kama hujalikata usilikate. Acha nafasi ya kutosha tumboni. Harusi ni Oktoba. Usimwambie mtu."

Nilikuwa nimeshalikata. Nikawasha taa, nikatafuta mabaki ya kitambaa kwenye mfuko nione kama yanatosha kuongeza vipande viwili ubavuni. Yanatosha, ila maua hayatalingana.